Picha za stesheni: acha kukimbiza watu, kaa hapo hapo

Wanaoanza picha za mtaani wote wanakimbilia Kariakoo, mi nawaambia anzeni stesheni. Kariakoo ukinyanyua kamera tu kuna mtu ashakuuliza unampiga nani, ila pale TAZARA Dar, stesheni ya reli ya Tanzania na Zambia, watu wanasubiri masaa, ukikaa kwenye benchi dakika ishirini bila kupiga kitu wanakuzoea wanarudi kwenye mambo yao, mtoto kalala juu ya begi la shangazi kaja, mzee anahesabu mizigo mara ya tatu kama vile kuna begi litatoroka. Na mizigo yenyewe si mchezo, reli ile ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia, hakuna anayesafiri hivyo na kibegi cha laptop. SGR, ile treni mpya ya umeme, yenyewe picha zake ngumu kidogo, tangu ianze kubeba abiria kwenda Morogoro 2024 watu wanaingia, wanapanda, wameinama kwenye simu.

Setingi zangu: lenzi ya 35mm, apacha (tundu la lenzi) f/8, fokasi ya mkono naiweka mita 2.5 halafu siigusi tena. Kwa kamera ya fulufremu (yenye sensa kubwa kama filamu ya zamani) hapo kuanzia kama mita 1.7 mpaka karibu 5 kila kitu kinatoka kikali, kwa hiyo sina haja ya kusubiri kamera itafute fokasi wakati mama wa watu ashageuka. Shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inapanda hata 3200 na wala sijali chenga kwenye picha. Kosa kubwa ninaloliona ni mwanga, mtu kakaa, nyuma yake kuna dirisha, ukiiacha kamera ijipimie yenyewe inafuata dirisha na sura inatoka nyeusi tii, haswa sisi wenye rangi zetu hizi, so pima mwanga usoni na dirisha liungue tu liwe jeupe, liende zake. Flashi hapana. Ukiwasha flashi hamna tena picha ya kuvizia, umebaki na harusi.

Halafu kuna ruhusa. Stesheni si barabarani, mi siku moja (sitaji wapi) nilijifanya mjanja nikaingia kimya kimya, askari akanisimamia pembeni nifute picha moja baada ya nyingine, asubuhi nzima ikapotea. Sasa hivi naanza kwa stesheni masta, namwamkia, namwonyesha kazi zangu kwenye simu. Na abiria akinikazia macho nashusha kamera, akisema futa nafuta mbele yake, sibishani.

Treni ikishaondoka wenzangu wanafunga mabegi, mi ndo nabadilisha betri, maana waliosindikiza bado wapo, wameshika funguo za gari au ile khanga aliyoisahau msafiri, hamna anayejua aangalie wapi, na hapo hakuna anayekumbuka kama kuna mtu ana kamera.