Daktari wa mifupa na mguu wako: kisigino, vidole, kifundo, na lini usisubiri tena

Ukimwambia mtu hapa Dar kwamba umetoka kwa daktari wa mifupa swali la kwanza ni "pole, ulipata ajali?", maana vichwani mwetu mifupa ni bodaboda, ni kuvunjika, ni kufungwa plasta ngumu (POP) na kulazwa wodini mguu umeinuliwa juu. Kumbe kazi ya yule daktari ni pana zaidi. Othopedia ni tawi la tiba linaloshughulika na mifupa, viungio, misuli na kano, yaani kila kinachokufanya usimame na utembee, na neno lenyewe wala halikuanzia kwenye ajali, alilitunga Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741 kutoka maneno mawili ya Kigiriki, moja ni kunyooka na lingine ni mtoto, kwa sababu alikuwa anaongelea jinsi ya kunyoosha viungo vya watoto vilivyopinda. Kwahiyo mguu unaouma bila kuvunjika nao ni wa kwake kabisa.

Na hapa nikisema mguu naongelea kuanzia kwenye kifundo kushuka chini. Sehemu hiyo ndogo ina mifupa 26, ukijumlisha miguu yote miwili unapata 52, wakati mwili mzima wa mtu mzima una 206, yaani robo ya mifupa yako yote umeikanyagia. Viungio ni 33 kila mguu. Ndo maana matatizo ni mengi na yanafanana fanana na watu wanayachanganya.

Nianze na kisigino kwa sababu ndicho kilichonipeleka mimi. Nafundisha, nasimama kwenye sakafu ya sementi tangu saa mbili asubuhi mpaka mchana, na mwaka juzi ikaanza tabia moja, nikiamka nikiweka tu mguu chini ni kama nimekanyaga msumari, nashika ukuta natembea kwa vidole mpaka bafuni, alafu baada ya dakika kumi hivi maumivu yanapungua nasahau kabisa, jioni yanarudi. Nikaenda sehemu moja wakanipiga eksirei wakaniambia mwiba umeota kwenye mfupa wa kisigino na utabidi ukatwe. Nilitoka pale nimeshaanza kuhesabu hela za upasuaji. Bahati nzuri nikamuona daktari mwingine, akanishika kisigino kwa ndani kidogo akabonyeza kwa dole gumba, nikaruka, akasema hapo hapo ndo penyewe.

Alichonieleza ni hivi. Chini ya unyayo kuna utando mgumu kama mkanda, unatoka kwenye mfupa wa kisigino unaenda mpaka kwenye mizizi ya vidole, unaushikilia ule mviringo wa unyayo kama upote unavyoshikilia upinde. Ukisimama sana, ukiongezeka uzito, ukianza kukimbia ghafla au misuli ya nyuma ya mguu ikikaza, ule mkanda unavutwa pale unapojishika kwenye kisigino mpaka unaumia. Hali hiyo ndo inaitwa plantafashaitisi. Usiku ukilala mguu unaelekea chini na mkanda unajikunja, asubuhi hatua ya kwanza inauvuta wote kwa mpigo, ndo ule msumari. Na ule mwiba wa kwenye eksirei? Watu wengi tu wanao na hawaumwi chochote, wengine wanaumwa na hawana, kwahiyo mwiba peke yake sio sababu ya kukupeleka kwenye kisu. Hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni maana najua wengi wanatishwa nalo.

Tiba yake inahitaji uvumilivu kuliko hela. Kabla hujashuka kitandani kaa, weka mguu unaouma juu ya goti la mwingine, shika vidole vivute kuelekea kwenye ugoko mpaka uusikie ule mkanda umekaza chini kama waya, hesabu mpaka kumi, achia, rudia mara kumi. Alafu nyoosha misuli ya nyuma kwa kusukuma ukuta kisigino kikiwa chini. Chupa ya maji iliyoganda kwenye friza, ibingirishe chini ya unyayo jioni. Usitembee peku kwenye sakafu ngumu, na zile ndala zilizolika mpaka zimekuwa kama karatasi zitupe, tafuta raba yenye soli inayobeba. Katika watu kumi, nane au tisa wanapona hivyo hivyo bila upasuaji, ila ni miezi, wengine inafika mwaka. Sindano ya kisigino ipo na inasaidia wengine, lakini ukichomwa mara kwa mara ule mkanda unaweza kukatika na mafuta yanayolinda kisigino yakapungua, kwahiyo ukiona mtu anakuchoma kila mwezi muulize. Umefanya haya wiki kadhaa na huoni nafuu, au kinauma hata ukiwa umelala, au kuna ganzi, uvimbe, homa, au kilianza baada ya kuruka au kuanguka, hapo nenda kwa daktari, inaweza kuwa mfupa umepata ufa au kitu kingine kabisa.

Nyuma ya kisigino ni habari nyingine. Ile kano nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili, kano ya Achilles, ikikatika mtu anasikia kama amepigwa teke kwa nyuma, anageuka haoni mtu. Inawapata sana wale wanaocheza mpira wa jumapili baada ya wiki nzima ya kukaa ofisini. Akishindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo usimchue, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kitu ambacho watu hawaambiwi dukani, antibayotiki za jamii ya sipro (ciprofloxacin), hizi tunazonunua kama karanga kwa ajili ya tumbo na yutiai (UTI), zinajulikana kuongeza hatari ya kano kuuma na kukatika hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za steroidi. Ukianza kusikia kisigino kinauma nyuma ukiwa kwenye dozi rudi kwa aliyekuandikia mwambie, na mguu upumzishe.

Vidole sasa. Dole gumba likianza kuegemea wenzake na pembeni kukatokea nundu, wazungu wanaita banioni. Wengi wanadhani ni mfupa umeota, hapana, ni mfupa mrefu wa nyuma ya kidole umesogea kuelekea mguu wa pili na kidole kimelala kuelekea wenzake, ile pembe ndo nundu. Inatembea kwenye familia, wanawake inawapata zaidi, na viatu vya mchuchumio vyenye mdomo uliochongoka vinaisukuma mbele. Viatu vipana na pedi vinapunguza maumivu ila havinyooshi kidole, na hata vile vya silikoni vya kuweka katikati ya vidole vinavyouzwa mitandaoni havikirudishi mahali pake. Upasuaji upo, wanakata mfupa wanaupanga upya, unatembea na kiatu maalumu kama wiki sita na uvimbe unaweza kukaa miezi. Ni kwa ajili ya maumivu na kushindwa kuvaa viatu vya kawaida. Kwa ajili ya picha za harusi mimi nakwambia acha, uliza daktari yeyote muaminifu atakwambia hivyo hivyo.

Ila dole gumba likivimba ghafla usiku, jekundu, la moto, hata shuka likigusa unapiga kelele, hiyo sio banioni, mara nyingi ni jongo, yaani asidi ya yuriki imezidi kwenye damu na kuganda kama chembe za kioo ndani ya kiungio. Hapo anza na daktari wa kawaida, upimwe. Usijitibu tu kwa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, mwaka mzima kwa sababu inaweza kuumiza figo.

Kucha iliyozama kwenye nyama inatokana sana na kukata pembe kwa kuzungusha na kuchimba chimba. Kata iliyonyooka. Ikianza kuuma loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ila ikitoa usaha au nyama ikaota juu yake ni ya kutolewa kitaalamu na ganzi, sio wembe wa saluni. Sugu usizichonge na wembe. Ukihisi kama kuna kokoto chini ya vidole na ukivua kiatu hakuna kitu, na vidole vinapata shoti, kuna neva imebanwa katikati ya mifupa, mtajie daktari maneno hayo hayo atakuelewa.

Kuteguka. Hapa ndo tunapoharibu wengi. Mtu kashuka kwenye daladala inatembea, kifundo kimepinda, kimevimba, jioni analetewa mzee wa kuchua na mafuta ya nazi anavuta mpaka kisikike "kah". Kama kuna mfupa umepasuka umeshausogeza. Kuna kipimo rahisi madaktari wa Ottawa kule Kanada walikitengeneza miaka ya 90 mwanzoni kinatumika dunia nzima: huwezi kutembea hatua nne hata za kuchechemea, au ukibonyeza ule mfupa uliotokeza pembeni ya kifundo kwa upande wa nyuma unauma kwenye mfupa wenyewe, au unauma ukibonyeza mfupa wa katikati ya mguu kwa nje, nyuma ya kidole kidogo, au ule uliotokeza kwa ndani mbele ya kifundo, basi piga eksirei. Kama hakuna hata kimoja mara nyingi ni kano tu, barafu, bandeji, inua mguu, na anza kukanyaga taratibu mapema. Mguu uliopinda umbo, au vidole vimekuwa baridi na kubadilika rangi, huo hausubiri kipimo chochote, ni kukimbia.

Watoto kidogo. Mtoto wa miaka mitatu mwenye unyayo bapa ni kawaida, mviringo unajijenga taratibu mpaka kwenye miaka sita au zaidi, mwambie asimame kwa vidole, ukiuona unatokea na mtoto haumwi usinunue viatu vya gharama. Lakini mtoto akizaliwa unyayo umegeukia ndani na chini, hali inayoitwa mguu kifundo, inatokea kama kwa mmoja kati ya kila watoto elfu moja, usisubiri akue na usikubali kuambiwa ni mkosi wa mama. Kuna njia ya daktari Ignacio Ponseti aliyekuwa Iowa Marekani, plasta inabadilishwa kila wiki kama mara tano mpaka saba, wengi wanakatwa kidogo ile kano ya nyuma kwa sindano ya ganzi tu, alafu viatu vyenye chuma katikati, karibu saa zote kwa miezi mitatu na baada ya hapo vya kulalia mpaka miaka minne au mitano. Wanaorudi kupinda wengi ni wale walioacha viatu. Hapa Dar hospitali ya CCBRT wanafanya, na kazi ikianza wiki za mwanzo mfupa bado laini inaenda vizuri mno.

Nimeacha la mwisho ambalo ndo limenifanya niandike. Haya yote ya juu yanauma, na kinachouma mtu atakipeleka hospitali tu siku moja. Shangazi yangu ana kisukari miaka mingi. Jumapili moja karudi kanisani, kakaa kwenye mkeka, kavua viatu, nikaona soksi imelowa nikadhani ni maji ya barabarani. Nikamuuliza shangazi mbona soksi imelowa, akasema "wapi mwanangu?". Nikaivua taratibu, ilikuwa imeganda kwenye ngozi. Chini ya mzizi wa dole gumba kulikuwa na shimo la ukubwa wa shilingi, na ndani ya kiatu kokoto, nyeusi, yenye ncha. Alikuwa ameitembelea kwenda na kurudi na akasimama nayo ibada nzima. Hakusikia kitu.

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua neva za miguu, na mishipa ya damu nayo inaziba, kwahiyo mguu hausikii na kidonda hakiponi. Kwa mtu wa kisukari kidonda chochote cha mguuni ni cha leo au kesho, sio cha wiki ijayo. Kikiwa cheusi, kinanuka, wekundu unapanda au kuna homa, ni usiku huo huo. Na mguu uliovimba, wa moto, mwekundu, bila kidonda na bila maumivu ya maana, usiukanyage tena, inaweza kuwa mifupa inavunjika ndani bila mwenyewe kusikia, na wengi wanaambiwa umeteguka tu. Maji ya moto ya kuloweka yasiguse mguu wa ganzi kabisa, watu wanaungua wakiwa wanatabasamu.

Shangazi alipofika kliniki walimwambia afumbe macho wakawa wanamgusa unyayo kwa kiuzi cha nailoni kinachokunjika kikibeba gramu 10, "umesikia?", yeye kimya, sehemu baada ya sehemu, mimi nimesimama pembeni nakiona kile kiuzi kinakunjika. Kipimo hicho ni cha dakika mbili na kila mwenye kisukari anatakiwa apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Walimsafisha kidonda, wakamzuia kukanyagia pale, akawekewa kiatu cha kupunguza mgandamizo. Viatu vya aina hiyo vinatengenezwa na mafundi wa hospitali zenye karakana, hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo kinachowafundisha tangu 1981. Kama unaanzia zahanati omba rufaa mapema, MOI, yaani taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hospitali za kanda zinapokea kwa rufaa. Ukienda beba viatu unavyovaa kila siku, soli iliyolika upande mmoja inamwambia daktari mengi.

Kidonda cha shangazi kilichukua miezi minne kufunga. Siku hizi kabla hajavaa kiatu anakigeuza anakigonga mlangoni mara tatu, alafu anaingiza mkono mpaka mbele kabisa kupapasa, na jioni mjukuu anamshikia kioo chini ya unyayo.