Saizi ya matairi ya theluji: anza na mlango wa dereva

Msimu wa baridi ukikaribia, wateja wengi huingia gereji, wananionyesha tairi la kiangazi lililofungwa na kusema, "Nipe saizi hii hii, ila za theluji." Mara nyingi inakuwa sawa. Lakini mimi sianzii kwenye tairi. Naomba mlango wa dereva ufunguliwe, maana kwenye nguzo yake kuna kibandiko cha mtengenezaji chenye saizi inayofaa na kiwango cha upepo. Kisipokuwepo hapo, tazama kifuniko cha tangi la mafuta au kitabu cha gari, ambacho huwa na orodha ndefu zaidi. Tairi lililopo huenda lilichaguliwa na mmiliki wa zamani aliyetaka rimu kubwa kwa urembo tu.

Tuchukue mfano wa saizi iliyoandikwa 205/55R16 91H. Upana ni milimita 205, rimu ni inchi 16. Hiyo 55 ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu si milimita bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana, yaani milimita 112.75. Zidisha mara mbili, ujumlishe na rimu ambayo ni milimita 406.4, unapata 631.9. Hicho ndicho kipenyo cha gurudumu zima, na ndicho unachopaswa kukilinda unapobadili saizi.

Mtu akitaka kushukia rimu ya inchi 15 akanunua 205/55R15, akidhani amebadili rimu pekee, gurudumu linabaki na milimita 606.5. Limepungua kwa asilimia 4. Mita ya spidi itaonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi, na gari lenyewe litakaa chini zaidi. Saizi aliyopaswa kuitafuta ni 195/65R15, yenye milimita 634.5: upana umepungua, ubavu umepanda, na tofauti haifiki hata milimita 3. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne nakuwa mkali zaidi. Matairi manne yasipolingana kipenyo, difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti, hufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na huchakaa kabla ya wakati.

Sasa, kati ya saizi zilizoidhinishwa, uchague ipi? Ukiniuliza mimi, ile nyembamba. Uzito wa gari ukikaa juu ya tairi jembamba, tairi hupasua theluji laini na lile tope la theluji iliyoanza kuyeyuka, likafika chini kwenye lami. Tairi pana huelea juu yake. Tena ubavu mrefu huikinga rimu dhidi ya mashimo yaliyofichwa na theluji, na rimu ndogo kwa kawaida matairi yake huwa nafuu. Ila anayeendesha zaidi kwenye barabara kuu zinazosafishwa kila siku hatapoteza kitu akibaki na upana wake wa kawaida.

Kushuka rimu kuna mpaka wake, nao ni breki. Niliwahi kuletewa gari pamoja na rimu nne za inchi 15 zilizokwisha kutumika. Matundu ya nati yalilingana, tundu la katikati likakaa barabara kwenye habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Kabla ya kushusha jeki nikalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono, nikasikia mkwaruzo mwembamba, kama ukucha juu ya bati. Nilipolivua nikakuta mstari unaong'aa umezunguka ndani ya rimu: kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana diski, ilikuwa inaigusa. Gari hilo lilikuwa na breki kubwa kuliko matoleo mengine ya modeli ile ile. Kwa hiyo usinunue matairi manne kabla ya kuijaribu rimu moja tupu kwenye gurudumu la mbele.

Zimebaki 91 na H. Namba 91 ina maana tairi moja hubeba hadi kilo 615, na hapo hatushuki hata kidogo. Herufi ni ya mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, T ni 190, Q ni 160. Kwa matairi ya theluji, nchi kadhaa huruhusu herufi ya chini, mradi dereva asivuke kikomo cha tairi lake. Na ubavuni tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Hiyo hutolewa baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji. Maandishi M+S (matope na theluji) peke yake hayadai jaribio hilo.

Matairi yakishafungwa, rudi kwenye kibandiko cha mlangoni usome upepo wa saizi uliyoichagua, maana saizi mbili za gari moja zinaweza kutaka upepo tofauti. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na urudie baridi ikizidi: kila joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, tairi hupoteza upepo wa takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha upepo).