"Hakuna Jipya": Dhana Potofu Kuhusu Kuchoshwa na Maisha, na Ukweli Wake

Ukimjulia hali mtu wa Mwanjelwa jijini Mbeya au wa Makambako mkoani Njombe ambaye hamjaonana kwa muda, mara nyingi atakujibu, "Salama, hakuna jipya." Kwa wengi hilo ni jibu la shukrani, maana lisilokuwepo ni msiba, ugonjwa au mashaka. Wapo, hata hivyo, ambao kwao maneno hayo yamekuwa maelezo kamili ya maisha: siku zinafanana, kazi haivuti, mazungumzo hayanogi, na hata yale waliyokuwa wakiyapenda, yawe mpira, kwaya au safari ya Kyela, hayana ladha tena. Vijana husema wameboeka. Kuhusu hali hiyo tunaambiana mengi kwa kujiamini, na sehemu kubwa yake si kweli.

Dhana: Anayechoshwa na kila kitu ni mvivu

Mwaka 2012 mwanasaikolojia John Eastwood wa Chuo Kikuu cha York nchini Kanada, pamoja na wenzake, waliieleza hali hii kuwa ni kero ya mtu anayetaka kushughulika na jambo la kumridhisha lakini akashindwa kufanya hivyo. Tofauti yake na uvivu iko hapo. Mvivu hana ugomvi na kukaa bure, ilhali aliyechoshwa hatulii: ataketi, atainuka, atawasha redio, ataizima, atatoka hadi kijiweni na kurudi kabla stori haijaisha. Nguvu anayo, ila umakini wake haupati pa kutua.

Ukubwa wa kero hiyo ulidhihirika katika utafiti wa Timothy Wilson na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 nchini Marekani. Washiriki waliachwa peke yao chumbani kwa dakika 15 bila simu, kitabu wala kazi, isipokuwa kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walikwisha kuionja na kusema wangelipa fedha ili wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walikibonyeza angalau mara moja. Mzazi anayemwita mwanawe mvivu kwa sababu hiyo humwongezea aibu juu ya kero, na sijaona aibu ikimrudishia mtu hamu ya kazi.

Dhana: Tatizo ni mahali, maisha yenyewe yako Dar es Salaam

Hii ndiyo dhana inayopendwa zaidi na vijana wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Juni na Julai, baridi inapowafungia watu ndani mapema na Uyole kukawa kimya saa mbili usiku. Tusiipuuze kabisa, kwa kuwa mahali pasipo na ajira, maktaba wala uwanja wa michezo panamnyima kijana mambo halisi. Lakini dhana yenyewe inasahau jinsi binadamu anavyozoea. Uwanda wa Kitulo, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, hujaa maua wakati wa mvua, na wageni husafiri kutoka mabara mengine kuyatazama. Kwa mkulima wa viazi wa Matamba anayevuka huko mara kwa mara, ni njia yenye tope. Macho yake hayana kasoro yoyote. Akili ya mtu huacha kukishughulikia kitu kinachojirudia, na jiji nalo hujirudia, foleni zake zikiwemo.

Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois. Hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuliko watu wa kawaida, tena walisema wanapata raha ndogo zaidi katika mambo ya kila siku kama kupata kifungua kinywa au kuzungumza na rafiki. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na haifai kuutumia kuwahubiria maskini kwamba fedha si kitu: utafiti mkubwa wa Uswidi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba washindi wa fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao kwa miaka zaidi ya kumi, ingawa furaha yao ya kila siku ilibadilika kidogo. Kwa hiyo kuhama kunaweza kumpa mtu kipato na nafasi, lakini asitarajie kuwa kutamrudishia ladha ya chai ya asubuhi.

Dhana: Simu ni dawa ya kuchoshwa

Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walilichunguza jambo hili kwa majaribio saba yaliyohusisha washiriki zaidi ya 1,200, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2024. Washiriki waliamini kwamba kuruka kutoka video moja hadi nyingine kungewapunguzia kuchoshwa. Walipoachwa waruke, walichoshwa zaidi kuliko walipotulia na video moja, na waliona walichokitazama kuwa na maana ndogo zaidi. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba umri na mazoea ya kutazama video mtandaoni vinaweza kubadili matokeo, lakini yeyote aliyewahi kumaliza bando la siku kwa kuperuzi video fupi kisha asikumbuke hata moja anaielewa hoja yao. Kila kuruka kunaufundisha umakini kuondoka kabla haujazama, na kuzama ndiko kunakokosekana.

Sisemi simu itupwe. Anayetazama mechi nzima, au somo la kupogoa miparachichi kuanzia mwanzo hadi mwisho, anaitumia simu hiyo hiyo na hapati madhara ninayoyasema.

Dhana: Subiri hamu irudi, ndipo uanze; na uanze na jambo kubwa

Hapa ndipo watu wengi hukwama, wengine kwa miaka. Tunadhani hamu hutangulia na tendo hufuata, wakati kwa mtu aliyechoshwa muda mrefu mpangilio huwa kinyume. Ipo tiba ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kupoteza hamu, inayojengwa juu ya kinyume hicho: mgonjwa hupanga vitendo vidogo vyenye siku na saa, akavitenda hata kama hana hamu, kisha akaangalia ni vipi vilivyomwinua. Mwaka 2016 utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 440 ulionyesha kwamba tiba hiyo, ikitolewa na wahudumu wasio wabobezi, haikuwa duni kuliko tiba ya mazungumzo iliyotolewa na wabobezi wa saikolojia. Asiye mgonjwa anaweza kuazima utaratibu huo, kwa masharti mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito: kitendo kiwe kinadai umakini, na kuwepo mtu au kitu kitakachopungukiwa usipotokea.

Mtazame mgema wa ulanzi, pombe ya mwanzi, kule Iringa na Njombe msimu wa mvua. Hukata ncha ya chipukizi la mwanzi likiwa bado changa, huning'iniza mbeta, yaani chombo cha kukingia utomvu, chini ya mkato, kisha hurudi asubuhi na jioni kuukwangua mkato huo upya, kwa sababu utomvu ukikauka juu yake hautiririki tena. Anakwangua unene mdogo sana. Akizidisha, anaumaliza mwanzi kabla ya wakati, na akipunguza, mbeta haijai. Kazi hiyo ni ile ile kila siku, lakini hakuna siku anayoweza kuifanya akiwa mbali kimawazo, kwa kuwa kila chipukizi lina hali yake. Kinachomkinga na kuchoshwa ni kwamba marudio hayo yanamjibu: kosa la jioni analiona asubuhi. (Kuhusu wanaoshinda kilabuni kutwa nzima wakiunywa ulanzi wenyewe, hilo ni suala jingine.)

Kwaya inatimiza sharti la pili. Mwimba besi asipofika mazoezini Jumatano, pengo husikika, na kesho yake mtu atapiga simu kuuliza. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, aliandika kwamba mtu hupata maana katika kazi anayoitenda, katika watu anaowapenda na katika namna anavyoyakabili mateso asiyoweza kuyaepuka. Aliizungumzia pia huzuni ya Jumapili, inayomshika mtu pilikapilika za wiki zinapokwisha akabaki na utupu wake. Hakuna kati ya hayo linalomtaka mtu angoje mwito mkubwa.

Lazima niseme pia kwamba ushauri huu una mpaka. Mchumaji chai wa Rungwe au Mufindi anayechuma majani mawili na chipukizi lake tangu asubuhi, akilipwa kwa kilo, hahitaji kuhubiriwa kwamba atafute maana katika kila jani. Kazi inayomchosha mtu kwa sababu ya malipo madogo na kukosa kauli hurekebishwa kwa malipo na kauli, na lawama hapo zimwendee mwajiri.

Dhana: Kuchoshwa huzaa ubunifu, hivyo kuachwe kuendelee

Ukweli ni nusu. Mwaka 2014 Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Uingereza waliwapa watu kazi ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu, na baadaye watu hao wakabuni matumizi mengi zaidi ya vikombe kuliko wenzao wasioifanya. Hiyo ni dakika 15 ya kuchoshwa. Miezi mingi ni habari nyingine, kwani watu wenye tabia ya kuchoshwa mara kwa mara huonekana kuwa karibu zaidi na ulevi, kamari na msongo wa mawazo.

Dhana: Ni mawazo tu, akioa au akiolewa yataisha

Sonona huweza kujificha nyuma ya maneno "nimechoka tu." Dalili zake kuu ni huzuni, au kupoteza hamu na mambo yote, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, zikiandamana na mabadiliko ya usingizi na ulaji, kukosa nguvu, kujiona hufai au kuwaza kifo. Ndoa haiitibu, na maombi, kwa anayeyaamini, hayazuii kwenda zahanati au kituo cha afya, ambako mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya mkoa au ya kanda. Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo. Akifika, asiishie kusema amechoka, kwa kuwa mhudumu anaweza kumpima malaria na upungufu wa damu, ambavyo navyo vinafaa kupimwa, kisha akamruhusu. Aeleze tangu lini, analala saa ngapi, anakula nini, na ni jambo gani alilokuwa akilipenda ambalo sasa haligusi tena.