Kumsamehe mweka hazina si kumrudishia sanduku

Katika vikundi vya kuweka na kukopa vya waumini, kuanzia Uyole hadi Tukuyu, wapo wanaosema mweka hazina aliyekula fedha akitubu, arudishiwe sanduku la fedha za kikundi wiki hiyohiyo, la sivyo hajasamehewa. Si kweli, na fundisho hili linaumiza watu. Msamaha hutolewa bure, hata saba mara sabini (Mathayo 18:22). Kuaminiwa hujengwa upya kwa matendo.

Mtazameni Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, kisha akawa mkuu Misri nao wakamjia bila kumtambua. Alijitenga na ndugu zake akalia, kisha akarudi akamfunga Simeoni mbele ya macho yao (Mwanzo 42:24). Machozi na tahadhari, moyo mmoja! Hakujitambulisha mpaka Yuda, yuleyule aliyetoa wazo la kumuuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini, mdogo wao.

Basi msameheni leo. Deni liandikwe, alilipe kidogo kidogo, hata kwa gunia la viazi kila mavuno. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, yeye asiwemo kwa sasa, na lisilale kwake hata usiku mmoja. Njaa ya Februari, mahindi yakiwa bado shambani, ni jaribu zito kwa mtu aliyekwishaanguka.