Wachungaji wa Hugo: mafuta ya kitani yalipoingia mji wa chokaa

Kila nikifika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence, Italia, kuna mchoro mmoja ambao huanza kuutazama kwa wachungaji. Wako watatu, upande wa kulia wa ubao wa katikati, na inaonekana wamekuja mbio kutoka machungani. Mmoja amekutanisha viganja, wa pili ametandaza mikono, na wa nyuma yao kinywa ki wazi, meno yana mapengo. Ngozi zao zimebabuka kwa jua. Mtoto Yesu amelazwa chini kwenye ardhi tupu, nao wanamkodolea macho kama watu ambao hawajawahi kuona jambo la namna hiyo.

Aliyewachora ni Hugo van der Goes, fundi wa Ghent, katika Ubelgiji ya leo, katika miaka ya 1470. Aliyemwagiza ni Tommaso Portinari, mkuu wa tawi la benki ya Medici, ukoo wa matajiri wa Florence, mjini Bruges, kwa ajili ya kanisa la Sant'Egidio ndani ya hospitali ya Santa Maria Nuova, Florence. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1288 na Folco Portinari, mtu wa ukoo wake, na hadi leo inatibu wagonjwa. Mbao za mchoro huo zina kimo cha mita 2.5 hivi, na zikifunguliwa zote upana unakaribia mita 6. Ulisafirishwa kwa bahari, ukapandishwa mto Arno, na tarehe 28 Mei 1483 wapagazi 16 wakaufikisha hospitalini. Kufika salama haikuwa jambo la hakika. Miaka 10 kabla, mchoro wa Hans Memling ulioagizwa na Angelo Tani, mtu mwingine wa benki hiyohiyo, ulitekwa baharini, na mpaka sasa uko Gdańsk, Poland.

Mimi ni mhifadhi wa kuta za kale. Nilijifunza chokaa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa mafundi wanaoijua kwa kuigusa tu, na ndiyo maana mchoro huu wa mafuta nausoma nikianzia kwenye chokaa.

Florence ya wakati ule ilikuwa mji wa fresko, yaani michoro ya ukutani juu ya lipu mbichi. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na mchanga, fundi wa lipu akapaka ukutani kipande kinachotosha kazi ya siku moja, kisha mchoraji akapaka rangi zilizokorogwa kwa maji matupu lipu ikiwa bado mbichi. Chokaa inavyokauka hunywa hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na chembe za rangi hunaswa humo. Rangi huwa imeingia katika ngozi ya ukuta, haikukaa juu yake. Uzuri wake ndio huo, na ukali wake ndio huo pia. Una saa chache tu. Ukikosea, unabandua lipu na kuanza upya. Kwenye kuta hizo ukimulika taa kutoka ubavuni unaweza kuona kiungo kati ya kazi ya jana na ya leo. Tena si kila rangi inastahimili chokaa mbichi. Buluu ya azuraiti mara nyingi ilipakwa baadaye kwa gundi, ukuta ukiwa mkavu, na ndiyo ya kwanza kubanduka. Mahali pengi leo joho la Bikira Maria limebaki na kivuli tu cha rangi yake.

Kwenye mbao Waitalia walitumia sana rangi ya kiini cha yai, na hiyo nayo hukauka kwa dakika chache. Huwezi kulainisha mpaka wa mwanga na kivuli kwa brashi; unajenga kivuli kwa mistari myembamba, mmoja kando ya mwingine.

Sasa fikiria mafundi waliolelewa na haraka hiyo wanasimama mbele ya kazi ya Hugo. Mafuta ya kitani hukauka kwa siku, si kwa dakika. Mchoraji anaweza kurudi kesho akalainisha shavu. Anaweza kuweka tabaka jembamba linalopitisha mwanga juu ya tabaka jingine, na mwanga ukaenda hadi kwenye chaki nyeupe ya chini na kurudi ukiwa umeokota rangi njiani. Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji wa Italia, aliandika kwamba Jan van Eyck, mchoraji aliyemtangulia Hugo, ndiye aliyevumbua rangi ya mafuta. Si kweli, maana mafundi wa karne ya 12 walikwisha kuielezea. Alichofanya van Eyck, na mchoro wake wa altare ya Ghent wa mwaka 1432 ni shahidi, ni kuifikisha mahali ambapo hapakuwahi kufikiwa.

Kwa Hugo muda huo wote umetumika kutazama. Mbele ya mtoto pana glasi ya maji yenye maua, na mwanga unapenya glasi, unapenya maji. Kando yake pana mtungi wa kauri, wa aina iliyotumika kuwekea dawa. Nadhani mgonjwa wa Santa Maria Nuova aliutambua mara moja. Nyuma umelazwa mganda wa ngano, kwa maana jina Bethlehemu ni "nyumba ya mkate". Joho la malaika mmoja limetariziwa neno Sanctus, yaani Mtakatifu. Na karibu na Yosefu kuna mtalawanda mmoja umevuliwa, kwa kuwa hapo ni mahali patakatifu. Kitu kidogo namna hii ndicho kinachonifanya nimpende Hugo kuliko wachoraji wengi waliosifiwa zaidi yake. Mwenyewe hakuuona mchoro wake ukisimama Florence. Alifariki mwaka 1482 katika monasteri karibu na Brussels.

Domenico Ghirlandaio, mchoraji wa Florence, aliuona. Mwaka 1485 alimaliza mchoro wa altare ya kikanisa cha Francesco Sassetti, naye mtu wa benki ya Medici, ndani ya kanisa la Santa Trinita. Wachungaji watatu wamo, upande uleule wa kulia. Lakini hori limekuwa jeneza la mawe la Kirumi, nguzo zimepimwa kwa kanuni za kale, na wachungaji wametulia. Mmoja, anayeaminika kuwa Ghirlandaio mwenyewe, anamwonyesha mtoto kwa mkono.

Wengine huita huo uigaji. Mimi naona fundi aliyependa alichokiona akakitafsiri kwa vifaa alivyovizoea tangu utotoni. Hakubadili rangi yake. Ukibahatika kufika Santa Trinita, sogea uangalie nyuso za wachungaji wake: zimejengwa kwa mistari midogo midogo ya rangi ya yai, kila mmoja ukiwa umekauka kabla haujachorwa unaofuata.