"Televisheni ya elimu ya jimbo" ni kitu gani hasa

Ukisikia Mmarekani anasema shuleni walikuwa wanawashiwa "televisheni ya elimu ya jimbo" usidhani ni kastesheni ka chuo fulani kanakofika mtaa wa pili basi. Ni hivi, kunakuwa na studio moja au chache, halafu minara imesambazwa jimbo zima na yote inarusha kitu kilekile kwa wakati mmoja, na leseni za minara yote hiyo zimeshikwa na chombo kimoja cha jimbo. Hapo kwenye leseni pashike vizuri maana ndo penye kisa.

Chaneli zenyewe zilitoka FCC, ile tume yao ya mawasiliano, ni kama TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya. Mwaka 1952 ilitenga chaneli 242 za elimu tupu, wafanyabiashara wasiguse, na aliyepiga kelele sana mpaka hilo likapita ni Frieda Hennock, mwanamke wa kwanza kuwa kamishna pale. Sasa kati ya hizo, 162 zilikuwa UHF, yaani masafa ya juu zaidi kuliko VHF ya kawaida, na TV nyingi za enzi zile hazishiki UHF kabisa, yaani umegawiwa kiwanja ila barabara ya kufika hamna. Sheria ya kulazimisha TV mpya zishike chaneli zote ikaja 1962, na mwaka huohuo serikali kuu ikakubali kutoa dola milioni 32 za kusaidia kujenga stesheni za elimu.

Alabama hawakusubiri hela hizo. Bunge la jimbo liliunda kamisheni 1953, Januari 1955 mtambo wa kwanza ukawaka Mlima Cheaha, chaneli 7, na huo mlima ndo sehemu ya juu kuliko zote jimboni kwa hiyo mawimbi yanashuka yenyewe mpaka mabondeni, miezi michache mbele Birmingham nao wakawashiwa chaneli 10, na hapo ukawa mtandao wa kwanza wa aina hiyo Marekani nzima. Wazo lilikuwa zuri kwa kweli, shule ya kijijini isiyo na mwalimu wa sayansi inawasha TV na watoto wanafundishwa na mwalimu yuleyule anayeonekana mjini.

Ila sasa, aliyeshika leseni ndo anaamua nani aonekane. Zaidi ya robo ya watu wa Alabama walikuwa weusi na kwenye TV hiyo inayoitwa ya wote ulikuwa huwaoni, hata vipindi vya kitaifa vinavyowahusu vilikuwa vinaondolewa na kuwekwa kitu kingine. Wananchi wakalalamika FCC miaka na miaka, mpaka 1975 tume ikakataa kuhuisha leseni 8 za kamisheni ya Alabama, kwa sababu ya ubaguzi. Waliruhusiwa kuomba upya na wakapata, lakini si jambo dogo hilo, maana aliyenyang'anywa ni jimbo lenyewe! Jirani zao Mississippi nao 1970 kamisheni yao ilizuia Sesame Street, kipindi cha watoto jamani, kisa watoto weusi na weupe wanacheza pamoja, habari ikavuja magazetini na baada ya wiki kama tatu hivi wakarudi nyuma.

Kentucky walichelewa, waliingia hewani Septemba 1968 chini ya mkurugenzi wao O. Leonard Press, ila mimi naona hawa ndo walielewa maana ya neno elimu kuliko wengi, maana hawakuishia kwa watoto. Walitengeneza masomo ya GED, ule mtihani wa watu wazima walioacha sekondari, mama yuko zake milimani anasomea sebuleni bila kumuaga mtu.

Baada ya sheria ya utangazaji wa umma ya 1967 ya Rais Johnson lugha ikabadilika, watu wakaanza kusema "televisheni ya umma", na Alabama siku hizi wanajiita hivyo. Kentucky wameng'ang'ania jina lao, bado ni KET, yaani Kentucky Educational Television, na hiyo E ni ya elimu.