Nge wa Kisumu na nge wa Nakuru hawazeeki kwa kasi moja

"Mbona nge wangu hakui?" Swali hili hutufikia kila mwaka msimu wa baridi unapoingia, na mara nyingi anayeliuliza ni mkazi wa Nakuru ambaye ameshajaribu tiba iliyomjia kwanza akilini: kuongeza chakula. Kila jioni anamtilia mende na nyenje, na asubuhi anawakuta wazima, wakizunguka kizimbani. Nge huyo hana shida ya chakula. Anaumizwa na baridi.

Mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzijoto 37 hivi, awe Kisumu au Nakuru. Mwili wa nge hufuata joto la mahali alipo. Ndani ya kiwango anachokimudu, joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya shughuli za mwili wake huongezeka takriban maradufu. Likishuka, kila kitu hupungua kasi: mwendo, hamu ya kula, usagaji wa chakula, hata ukuaji wa mimba ndani ya nge jike. Nge humwagia mawindo majimaji ya kuyeyushia nyama, kisha hufyonza uji unaopatikana. Baridi ikimkamata, kazi hiyo huzorota, na ndiyo maana hata aliyeshika mawindo anaweza kuyaacha nusu.

Sasa tazama miji yetu miwili. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi kama nyuzi 10. Mkulima anaijua tofauti hii bila kuelezwa: mahindi ya Kitale, kwenye ubaridi wa nyanda za juu, hukaa shambani miezi sita hadi minane, ilhali ya uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, hukomaa kwa mitatu au minne. Mbegu si moja, lakini hata mbegu zimechaguliwa kwa sababu ya joto.

Tofauti ya nge ni kwamba yeye hukua kwa hatua. Gamba lake halitanuki, kwa hiyo hana budi kulivua ili aongezeke. Mara ya kwanza huvua akiwa bado mgongoni kwa mama yake, na aina nyingi za nge hufikia utu uzima baada ya kuvua mara tano hadi saba. Akishakomaa havui tena. Hapo ndipo wafugaji wengi wanapokosea, na ningependa tuelewane vizuri. Joto la juu likiambatana na chakula kingi huzikaribiza hatua hizo, na nge hufika ukubwani mapema. Lakini hatua haziongezeki. Ukimharakisha kukomaa, umemharakisha kuzeeka pia, na kwa kawaida maisha yake yote hufupika. Nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, ambaye ndiye maarufu zaidi kwa wafugaji duniani, huishi miaka sita hadi minane akitunzwa vyema. Sioni faida ya kumnyima baadhi ya miaka hiyo ili apigwe picha akiwa mkubwa.

Wala simaanishi kwamba baridi humpa maisha marefu. Mnyama aliyekaa muda mrefu chini ya kiwango chake hudhoofika, na hatari kubwa humkuta wakati wa kuvua, pale anapokosa nguvu ya kujitoa kwenye gamba la zamani na kufia humo.

Kwa nge wa misitu yenye unyevunyevu, nyuzi 25 hadi 29 zinatosha. Wa maeneo makavu hustahimili zaidi, ila usidanganyike kwamba nge wa jangwani hupenda kuungua. Mchana wa jua kali huwa ameshajichimbia shimoni au amejificha chini ya jiwe, na hutoka usiku. Kwa hiyo usilipashe joto kizimba kizima. Pasha upande mmoja, uache wa pili uwe baridi kiasi, umwachie mwenyewe achague. Weka kipimajoto usawa wa udongo anapokaa, kwa sababu hewa ya juu ya kizimba husema mengine.

Kipasha joto cha umeme kisiwekwe chini ya kizimba. Nge akihisi joto kupita kiasi huchimba kwenda chini, maana porini chini ndiko kwenye ubaridi. Kizimbani atakuwa anachimba kuelekea kwenye moto wenyewe. Kifunge ubavuni, kwa nje, na kidhibiti joto kiwepo. Balbu nayo hukausha udongo haraka, na ukavu hukwamisha uvuaji wa gamba, basi angalia unyevu kila unapoangalia joto. Akishavua, mwili wake ni laini kwa siku kadhaa. Ondoa nyenje wote, kwani wanaweza kumtafuna.

Mfugaji wa Kisumu kwa kawaida hahitaji kipasha joto mchana. Kazi yake ni kutafuta kivuli, hasa kama nyumba ni ya mabati, na kutoweka kizimba dirishani: kioo kikipigwa na jua huweza kumuua nge kwa muda mfupi. Ajue pia kwamba nge aliyepata joto huwa mwepesi zaidi, kwa hiyo mfuniko ufungwe barabara.

Usiende Baringo au Turkana kuokota nge wa kufuga. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda wanyama wa porini, na kabla ya kufuga uliza ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kuhusu kibali. Zaidi ya hapo, katika maeneo hayo makavu kuna nge wa kundi liitwalo Parabuthus, wenye magando membamba na mkia mnene, na sumu yao ni kali. Aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja; jeraha lisikatwe kwa wembe wala kufyonzwa.

Stima ikipotea usiku Nakuru, funika kizimba kwa blanketi ukiacha upenyo wa hewa, kisha usimlishe nge hadi joto lirudi.